Pumu Haiishi Kifua Kinapotulia

Mazungumzo haya yameandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya machifu, mikutano ya wazazi shuleni na vikundi vya wananchi katika Kaunti ya Nakuru. Yamechapishwa hapa kwa ukamilifu ili asiyeweza kuhudhuria ayasome, na anayeyasoma awasomee wengine nyumbani.



Pumu si ugonjwa mgeni katika kaunti hii. Kuanzia kwenye baridi na ukungu wa Molo, Elburgon na Kuresoi hadi kwenye vumbi la Gilgil na Naivasha, ni nadra kukosa nyumba yenye mtu ambaye kifua humbana usiku. Watu wengi wanaujua kama ugonjwa wa kuja na kuondoka. Ukija, mgonjwa hukimbizwa hospitalini, huwekewa dawa ya mvuke, hupumua vizuri na kurudi nyumbani. Baada ya hapo dawa huwekwa kabatini, na pumu husahauliwa hadi siku itakaporudi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Pumu haiondoki kifua kinapotulia. Inabaki ndani ya mapafu kama kaa la moto chini ya majivu, ikisubiri baridi, moshi au vumbi liipulize. Anayetibiwa siku ya shambulio peke yake hajatibiwa pumu yenyewe. Ametibiwa siku moja tu ya pumu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kutokana nayo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kadiri, ambako wagonjwa wengi hawajapimwa au hawapati dawa ipasavyo. Vingi kati ya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa, kwa sababu dawa zinazotuliza pumu zinajulikana na zimetumika kwa miaka mingi.

Kinachotokea ndani ya kifua

Hewa hufika kwenye mapafu kwa kupitia mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, kutoka mikubwa hadi midogo kabisa. Kwa mtu mwenye pumu, kuta za mirija hiyo huwa zimevimba kwa ndani, hata siku ambayo hahisi chochote. Mirija iliyovimba huwa nyepesi kukasirika. Ikiguswa na moshi, vumbi, hewa baridi au mafua, mambo mawili hufuata haraka: misuli inayoizunguka hujikaza, na makohozi mazito huongezeka ndani yake. Njia ya hewa inakuwa nyembamba, na hewa ikipita kwa shida hutoa mlio kama wa filimbi.

Kwa hiyo pumu ina sehemu mbili: uvimbe wa kila siku usioonekana, na kujikaza kwa misuli kunakomfanya mtu ahangaike. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana kila sehemu ina dawa yake.

Dalili zake ni kukohoa, hasa usiku na alfajiri, mlio kifuani, kifua kubana na kukosa pumzi. Si lazima mgonjwa awe nazo zote. Wapo watoto ambao dalili yao ni kikohozi tu, kila wanapokimbia au kila msimu wa baridi unapoingia. Mtoto wa aina hiyo anaweza kupewa dawa za kuua viini mara tatu au nne kwa mwaka, ikidhaniwa kila mara kuwa ana homa ya mapafu. Mzazi anayeona kikohozi kinarudi kila mara, na kwamba ndani ya ukoo wapo wenye pumu, mzio wa ngozi au mafua yasiyokwisha, anafaa kumweleza daktari historia hiyo yote na kuuliza: je, hii haiwezi kuwa pumu?

Pumu haiambukizi. Mtu hawezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye chumba kimoja au kukaa naye dawati moja. Hata hivyo, kikohozi chochote kinachozidi wiki mbili kichunguzwe hospitalini, kwa kuwa kifua kikuu nacho huanza kwa kukohoa, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Dawa ya kutuliza na dawa ya kuzuia

Inhela, ambayo wengine huiita pampu, si dawa moja. Zipo za aina mbili kuu, na kuzichanganya kumegharimu maisha ya watu.

Ya kwanza ni ya kutuliza. Mara nyingi ina rangi ya buluu na dawa iliyo ndani huitwa salbutamo. Inalegeza misuli iliyojikaza, na mgonjwa hupata nafuu ndani ya dakika chache. Lakini nguvu zake huisha baada ya saa chache, na uvimbe ulio ndani ya mirija haiugusi.

Ya pili ni ya kuzuia. Mara nyingi huwa ya rangi ya kahawia, chungwa, nyekundu au zambarau, na ndani yake mna dawa ya jamii ya steroidi, kama vile beklometasoni au budesonidi. Hii ndiyo inayopunguza uvimbe. Haileti nafuu ya papo hapo, na ndiyo sababu wengi huiacha wakisema haifanyi kazi. Kazi yake huonekana baada ya siku na wiki, mgonjwa anapogundua kwamba halali tena akiwa ameketi na kwamba mtoto hajakosa shule mwezi mzima. Inatumiwa kila siku kama daktari alivyoelekeza, hata siku ambayo kifua ni kizima.

Mwaka wa 2019 wataalamu wa mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, GINA, walibadilisha ushauri wao. Walisema kwamba mtu mzima au kijana aliyebaleghe mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo. Apate pia dawa ya kupunguza uvimbe. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya wagonjwa huandikiwa inhela moja yenye dawa zote mbili ndani yake. Rangi za inhela hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, kwa hiyo mgonjwa asitegemee rangi peke yake. Amuulize mhudumu anayempa dawa: hii ni ya kutuliza au ni ya kuzuia?

Zipo pia tembe za salbutamo ambazo hununuliwa kwa bei ya chini. Tembe hulazimika kupita tumboni na kuzunguka na damu mwili mzima kabla ya kufika kwenye mapafu, kwa hiyo huchelewa, na huwafanya wengi watetemeke mikono na kuhisi moyo ukienda mbio. Dawa ya kuvuta hufika moja kwa moja mahali penye ugonjwa kwa kipimo kidogo sana.

Maswali manne ya kujipima

Mtu hahitaji mashine ili kujua kama pumu yake imedhibitiwa. Atazame wiki nne zilizopita na ajibu maswali haya:

1. Je, amepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki?
2. Je, ameamshwa usiku na kikohozi au kukosa pumzi?
3. Je, ametumia dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki?
4. Je, ameacha kazi, mchezo au safari yoyote kwa sababu ya kifua?

Akijibu hapana kwa yote, pumu iko chini ya ulinzi na aendelee na matibabu yake. Jibu la ndiyo kwa swali moja au mawili laonyesha kwamba ulinzi una pengo, na jibu la ndiyo kwa matatu au yote manne lina maana kwamba pumu haijadhibitiwa. Wenye jibu la ndiyo wamwone mhudumu wa afya kabla ya shambulio kuwapeleka kwa nguvu.

Hesabu nyingine ni ya mkebe wa dawa ya kutuliza. Kwa kawaida una mipulizo 200. Anayeumaliza kwa mwezi mmoja anavuta zaidi ya mara sita kwa siku, na huyo yumo hatarini hata kama anajiona amezoea. Kumaliza mikebe mitatu au zaidi kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari ya kupata shambulio kali.

Maneno yanayowatisha watu

Yapo maneno yanayozunguka mitaani ambayo huwafanya watu waogope dawa kuliko ugonjwa.

Husemwa kwamba inhela humfanya mtu awe mtumwa wake. Sivyo. Inhela haina ulevi. Mtu huihitaji kila siku kwa sababu uvimbe upo kila siku, kama vile mwenye shinikizo la damu anavyomeza tembe zake.

Husemwa kwamba anayepewa inhela amefika mwisho. Hili pia si kweli. Inhela ndiyo tiba ya mwanzo ya pumu, ya mtoto na ya mtu mzima. Mzazi anayekataa inhela ili mtoto asionekane mgonjwa humwacha bila kinga.

Husemwa kwamba steroidi humharibu mtoto. Steroidi ya kuvuta hupimwa kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya ile ya tembe. Kwa baadhi ya watoto inaweza kupunguza urefu kidogo, na ndiyo maana daktari huchagua kipimo kidogo kinachotosha na kumpima mtoto kimo kila anaporudi. Madhara ya kawaida ni sauti kukwaruza au utando mweupe mdomoni, na huzuiwa kwa kusukutua mdomo kwa maji na kuyatema baada ya kuvuta dawa. Pumu isiyotibiwa ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa mtoto.

Mama mjamzito naye huambiwa aache dawa ili asimdhuru mtoto. Ukweli ni kwamba mama akikosa hewa, mtoto aliye tumboni naye hukosa. Aendelee na dawa zake na awaeleze wahudumu wa kliniki ya wajawazito kwamba ana pumu.

Namna ya kuvuta dawa

Wagonjwa wengi wana inhela nzuri lakini dawa huishia mdomoni na kooni. Mwenye inhela ya kupuliza afanye hivi: aitikise, atoe hewa yote taratibu, aweke mdomo wa inhela kati ya meno na kufunga midomo, kisha aanze kuvuta pumzi polepole huku akibonyeza mara moja. Aendelee kuvuta hadi kifua kijae, ashikilie pumzi kwa hesabu ya kumi, halafu aachilie. Kama ameandikiwa mpulizo wa pili, asubiri kidogo, aitikise tena na arudie.

Watoto, wazee na mtu yeyote aliye katika shambulio hawawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta. Hao wanahitaji speisa, yaani chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo ili dawa ikae humo ivutwe taratibu. Anayekosa ya kununua anaweza kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 1999, ulionyesha kwamba kwa watoto walio katika shambulio chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na speisa ya dukani.

Chupa iwe safi na kavu. Kitakoni hutobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, inhela ikaingizwa na pembeni pakazibwa kwa gundi au utepe ili hewa isipite. Mgonjwa huvuta kwa kupitia mdomo wa chupa. Mabaki ya plastiki yote yatolewe kabla ya kuitumia. Huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kupanguswa. Ni vyema mhudumu wa zahanati aitazame kwanza, na mtoto mchanga atafutiwe speisa yenye kifuniko cha uso.

Kujua kama dawa imebaki ni hesabu tu. Anayevuta mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni hutumia minne kwa siku, kwa hiyo mkebe wa 200 humtosha siku 50. Aandike kwenye kalenda siku aliyoanza. Kuutumbukiza mkebe ndani ya maji ili kuona kama unaelea hakuonyeshi ukweli.

Vichochezi vya nyumbani na shambani

Dawa peke yake haitoshi ikiwa jiko linawaka moshi karibu na kitanda cha mgonjwa. Katika nyumba nyingi kuni na makaa ndiyo nishati iliyopo, na si kila mtu anaweza kununua gesi leo. Bado lipo la kufanya. Kuni zikaushwe, kwa sababu mbichi hutoa moshi mwingi. Jikoni pawe na dirisha au tundu la juu la kutolea moshi, na palipo na nafasi, jiko liwe nje. Mtoto mwenye pumu asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala usiku wa baridi, kwa kuwa hewa yake yaweza kumuua hata mtu asiye na pumu.

Sigara isivutwe ndani ya nyumba wala ndani ya gari lenye mgonjwa. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupulizia huwabana wengi, na neti ni kinga bora kwao. Blanketi na magodoro yaanikwe juani, na sakafu ifagiliwe baada ya kunyunyizwa maji.

Kila eneo lina msimu wake. Mwezi wa Juni na Julai, watu wa Molo na Kuresoi wavae kitu cha kufunika pua na mdomo wanapotoka alfajiri. Wakati wa kuvuna na kupura ngano na mahindi, kama inavyofanyika Njoro, mwenye pumu apewe kazi iliyo mbali na vumbi la mashine, au ajifunge barakoa. Ajuaye msimu wake ahakikishe dawa ya kuzuia haikatiki wiki kadhaa kabla.

Michezo haikatazwi. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kukimbia kama wenzake. Akishindwa kukimbia, hilo ni swali la kupelekwa kliniki, si sababu ya kumketisha kando maisha yake yote.

Shambulio linapotokea

Mgonjwa aketishwe wima, nguo za shingoni na kifuani zilegezwe, na asizingirwe na watu. Asilazwe chali. Apewe dawa ya kutuliza kwa speisa au chupa: mpulizo mmoja, avute pumzi mara nne, kisha mwingine, hadi itimie mipulizo minne. Isubiriwe dakika nne. Asipopata nafuu apewe minne mingine, na safari ya hospitali ianze hapo hapo huku dawa ikiendelea kutolewa njiani kwa mpango huo huo.

Zipo dalili ambazo hazingoji dakika hata moja: kushindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya pumzi, midomo au kucha kubadilika rangi kuwa kijivu au buluu, ngozi ya katikati ya mbavu kuingia ndani kila anapovuta hewa, kusinzia au kuchanganyikiwa. Kifua kilichokuwa kikilia filimbi kikinyamaza ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika, huo si unafuu. Hewa haipiti tena.

Akipelekwa kwa bodaboda, akae wima katikati na mtu mwingine amshike kwa nyuma. Inhela ifuatane naye. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo familia isichelewe nyumbani ikichanga pesa kwanza. Na hata akipona usiku huo huo, arudi kliniki ndani ya siku chache, maana shambulio ni ushahidi kwamba kinga ya kila siku ina pengo.

Shule, kazi na gharama

Inhela iliyofungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu haimfai mtoto aliye uwanjani. Mzazi aiarifu shule kwa maandishi, na mtoto mkubwa anayejua kuitumia aibebe mwenyewe. Katika shule za bweni, angalau mwalimu mmoja na mlezi wa bweni wajue hatua za shambulio, mchana na usiku. Wenzake wafundishwe kwamba inhela si kitu cha kuchekwa wala cha kuchezewa.

Gharama ni mzigo wa kweli kwa familia nyingi. Waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa aulize mapema dawa ipi ya kuzuia inapatikana katika kituo kilicho karibu naye, na akiona itamshinda kuinunua, amwambie daktari waziwazi ili apangiwe inayomudu. Kunyamaza na kubaki na ya kutuliza peke yake ndiyo njia ghali kuliko zote. Usiku mmoja wa kulazwa, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea, waweza kuzidi bei ya dawa ya kuzuia ya miezi kadhaa.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wawaulize wenye pumu yale maswali manne, watazame namna wanavyovuta dawa, na wawapeleke kliniki wanaohitaji. Wazee wa vijiji na viongozi wa dini wanaweza kulisema jambo hili katika mikutano yao kwa dakika tano tu, nalo likawafikia wengi.

Ndugu wananchi, leo jioni, katika kila nyumba yenye mtu wa pumu, inhela zitolewe kabatini ziwekwe mezani. Ya kutuliza ijulikane, na ya kuzuia pia. Ikiwa mezani ipo ya kutuliza peke yake, safari ya kliniki ipangwe wiki hii, kifua kikiwa bado kimetulia.